Mshale Uelekee Kibla

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, nakujueni. Mtaona bibi kizee kaandika habari za pistoni, mtacheka, mtasema kasimuliwa. Sikusimuliwa. Injini ilifunguliwa uwani kwangu, vyuma vyake vikapangwa kwenye sinia langu la pilau, na mie nimekaa juu ya kigoda natazama. Skuli nilikwenda kidogo nikatolewa, chuo cha Kurani nilikimaliza, na macho ninayo mpaka leo. Wekeni simu chini msome, maana yaliyonipata siku zile sikuwa nimeyaona katika umri wangu wote.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, ndani kabisa, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Juu anakaa mwanangu wa kiume na mkewe. Chini nnakaa mie na mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu. Ni mtu mzima, ana kazi yake. Anawazungukia kinamama wanaolima mwani pande za mashariki, anawatazamia mwani kama mzima au umeshikwa na maradhi. Huko lami ikishakwisha kuna njia za mawe ya matumbawe, makali kama viwembe, na vespa za hapa mjini hazipiti. Kwa hiyo akanunua pikipiki la porini. Refu, jembamba, matairi yana meno, na injini yake ni ya ile namna ya zamani inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Likiwaka, moshi wake wa buluu, na sauti yake kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

Siku alipoliingiza ukumbini kwangu nilinyamaza. Na mie si mtu wa kunyamaza. Ni mshituko tu ule.

Mwanangu, mjomba wake, hakunyamaza. Hasa baada ya siku ile pikipiki lilipomfia njiani akitoka Jambiani, ikabidi alale kwa wale kinamama wa mwani. Alipofika asubuhi, mjomba alikuwa kakaa barazani anamngoja.

"Likikufia tena, nnaliuza," alimwambia. "Mtoto wa kike kulala ugenini kwa sababu ya injini, mie sitaki kulisikia mara ya pili."

"Nikiwa sina pikipiki sina kazi, mjomba. Kazini wamesema kila mtu afike ufukweni kwa njia yake."

"Basi omba lisife."

"Sawa. Likinifia tena njiani, uza."

Wakanitazama mie, kama watu wanaotazama shahidi. Nikasema nimesikia.

Haukupita muda pikipiki likaanza kuchoka. Teke la kuwashia likawa jepesi, halina ubishi, na ndani mkawa na sauti kama vijiko vinavyogongana kwenye sufuria. Mjukuu wangu akasema pistoni imekwisha, na hataki kungoja imfie. Fundi wake, mwenye banda huko Mtoni, alikuwa kaenda Mangapwani kumuoza binti wa nduguye. Harusi za huko mnazijua, mtu harudi mpaka sufuria zikoshwe. Mjukuu akasema atafanya mwenyewe. Kashamsaidia fundi mara nyingi pale bandani, kaona kila kitu.

Akalisukuma pikipiki mpaka uwani, akalifungua. Mie nilikuwa nnachambua mchele. Kutahamaki, silinda imeshatoka, imekaa kama kata nzito ya chuma, na yeye anaitafutia kitu cha kuifungia aipeleke dukani. Akaifunga kwa kanga yangu. Kanga mpya, sijaivaa hata Ijumaa moja.

"Hiyo unaijua?" nikamuuliza.

"Naijua, Bibi. Nyengine zote nyepesi, zitachanika."

Nikavaa buibui langu nikafuatana naye mpaka Darajani. Sikumfuata yeye, niliifuata kanga.

Duka lenyewe ni la vipuri, dogo, limejaa mpaka juu. Muuzaji kijana mwembamba, kalamu sikioni. Akatuletea pistoni ya kwanza, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. "Chukua hii, dada. Inaingia kama maji."

Mjukuu wangu hakuichukua. Aliitia tupu ndani ya silinda, bila ya ringi zake, zile pete za chuma zinazoizunguka, halafu akaingiza ubavuni kibati chembamba cha kupimia, chembamba kuliko ukucha. Kikapita bure bure. "Inapwaya," akasema. Muuzaji akaleta ya pili. Kibati hakikupita kabisa. "Inabana."

"Kwani dada unachagua pistoni au unachagua bwana?" muuzaji akamuuliza.

"Bwana ningemaliza zamani. Leta ya katikati."

Akaenda nyuma, akarudi na kiboksi kina vumbi. Hiyo haikung'aa, ilikuwa ya kijivujivu, ina uso wa chuma cha kazi. Kibati kikapita kwa kukazwa kidogo. Halafu akaitia ringi peke yake ndani ya silinda, akatazama mwanya baina ya ncha zake mbili. Nikamuuliza mwanya wa nini, si bora ikutane. Akanambia chuma kikipata moto kinavimba. Ringi isiyo na mwanya itakosa pa kwenda, na pistoni inayobana itavimba mpaka iikamate silinda, injini ifunge ghafla, na tairi la nyuma lifunge pamoja nayo, na mtu yuko mbioni.

Mie nilijua mlango huvimba masika. Chuma kuvimba sikujua. Nilisimama pale na mkoba wangu, nikafikiri kuwa mjukuu wangu kila siku anapanda juu ya kitu kinachoweza kuvimba kikamtupa kwenye mawe, na maisha yake yamekaa katika upana wa kibati kile.

Kabla hatujafika akanionesha kichwa cha ile pistoni. Kuna mshale mdogo umechorwa. "Huu una upande wake, Bibi. Ukikosea umekwisha."

"Upande gani?"

"Ntamuuliza fundi kwa uhakika. Ile ya zamani imeungua, imejaa masizi, mshale wake hauonekani."

Siku ya pili yake nilikuwa jikoni nnakoroga mchuzi. Nikamsikia uwani anazungumza na simu, sauti ya chini.

"Kwa hiyo huyu mpya nimfanyie fungate kamili?... Akishapata moto namuacha apoe... Naam. Asichoshwe... La, Bibi hajui bado. Ntamwambia mwenyewe."

Upawa ulinianguka. Sikuuokota. Nilitoka uwani nikamsimamia mbele. Mtoto niliyemlea mwenyewe kaolewa, na mie nnaambiwa na ukuta.

"Nani huyo?" nikamuuliza.

"Fundi, Bibi."

"Nnamuuliza huyo mpya. Unayemuweka fungate na Bibi hajui."

Alinitazama, halafu akacheka mpaka akashika nguzo. Mie sikucheka. Nilingoja amalize.

"Pistoni, Bibi. Pistoni mpya. Fundi ndo anavyosema, pistoni ikiingia kwenye silinda lazima ikae fungate. Nlikuwa nnasema hujui bado kuwa ntakuwashia injini hapa uwani, nikutie moshi."

Akanieleza. Ukishaifunga, unaiwasha kidogo tu, ikipata moto unaizima na kuiacha ipoe kabisa. Unarudia. Halafu unatoka nayo safari fupi, pole pole, huikamui, wala huiendeshi kwa mwendo mmoja tu, unapandisha na kushusha, na ukirudi unaiacha ipoe tena. Oili unazidisha kidogo katika petroli. Hivyo mpaka zile ringi zilale vizuri kwenye ukuta wa silinda, zijuane.

"Na ukiipeleka mbio siku ya kwanza?"

"Ndo talaka hiyo, Bibi."

Basi hapo nikamkubali yule fundi, ingawa sijamuona uso. Hilo lilikuwa neno la mtu aliyefunzwa. Kwetu maharusi huwekwa ndani siku saba, hawatumwi, hawapikishwi, wanaletewa chakula na kungwi wao anawatazama, maana wageni wawili ukiwapa kazi nzito siku ya kwanza watagombana. Kumbe na chuma vile vile. Nikajisemea, mtu huyu anajua anachokisema, maneno yake ni maneno yetu. Na mjukuu wangu kama mie, akamuamini kila neno.

Jioni ile, baada ya sala ya alasiri, ikafika zamu ya kufunga pistoni. Mikono yake imejaa oili, akaiweka simu juu ya ndoo iliyofudikizwa, ikawa sote tunasikia. Kule Mangapwani ngoma inalia.

"Fundi, sasa nnataka kuitia pini ya kuishikilia. Mshale?"

"Mshale uelekee kibla! Nshakwambia mara ngapi? Kibla!" Alikuwa anapiga kelele kwa sababu ya ngoma. "Mie nnaitwa kwenye sinia la pilau, haya, baadae." Simu ikakatika.

Mjukuu wangu akajipangusa jasho kwa mkono wa nguo. "Kweli," akasema. "Pale bandani kila siku husema hivyo, na mshale nnauona kweli umetazama kibla." Halafu akanigeukia, kwa adabu. "Bibi, kibla ya hapa uwani ni sawasawa na msala wako, au unapinda kidogo?"

Jamani. Mtoto huyu kumuamsha alfajiri ni kazi ya kuvua papa. Leo ananiuliza kibla, tena ananiuliza kama inapinda. Moyo wangu ulifunguka. Nikasema Mola kamtia nuru, hata chuma hataki kukifunga ila kielekee mahali pa kheri. Niliinuka nikamuonesha kwa kidole.

"Pale, kwenye tangi la maji. Usipinde hata kidogo. Nnasali hapa tangu nilipoletwa nyumba hii mwari."

"Ahsante, Bibi."

"Sema Bismillahi."

Akasema, akaigeuza ile pistoni mpaka mshale ukatazama tangi la maji sawasawa, akaitia pini yake, akaibana zile ringi kwa vidole, akaishusha silinda juu yake. Mie nimesimama nimeridhika.

Sasa shikeni jambo moja. Pikipiki lenyewe lilikuwa limeingia kwa kusukumwa kinyumenyume, kwa sababu ya ufinyu wa njia. Mkia wake ulikuwa kwenye tangi la maji, na pua yake imetazama mlango wa ukumbini.

Akalipiga teke. La kwanza kimya. La pili likawaka, moshi ukajaa uwani, nikajifunika pua kwa mtandio. Lakini sauti haikuwa ile ya nyuki. Ndani mlikuwa na kitu kinakwaruza, kama mbuzi ya nazi inapofika kwenye kifuu.

"Hiyo sauti siyo," nikamwambia.

"Bado hawajazoeana, Bibi. Ndo fungate."

"Fungate haina sauti hiyo."

Hakuwahi kunijibu. Ikapiga kach, mara moja, kama mfupa, na injini ikanyamaza. Akalipiga teke, mguu haukushuka. Akalipiga tena. Haukushuka.

Dirisha la juu likafunguliwa, mwanangu akatoa kichwa.

"Limekufa?"

Mjukuu wangu akalipiga teke mara nyengine.

"Nimeuliza limekufa?"

"Limekufa, mjomba."

"Haya. Kesho namleta mtu."

"Tulikubaliana njiani. Hapa ni uwani."

"Njiani linakufa likiwa na uchovu," akasema. "Likifia nyumbani, tena lina pistoni mpya, hilo halina maisha." Akafunga dirisha.

Mjukuu wangu akaifungua silinda palepale. Ringi moja ilikuwa imekatika vipande, na ukuta wa silinda una mikwaruzo, ukipitisha kidole unaisikia. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kumwambia. Alikaa chini, mikono juu ya magoti, akasema, "Nimepima kila kitu, Bibi. Kila kitu nimepima. Sijui nimekosea wapi." Na mie sikujua. Nilimtilia chai, haikunyweka.

Asubuhi fundi akaja, kaitwa kwa simu. Katoka Mangapwani moja kwa moja, kanzu ya harusini bado iko mwilini, ananukia udi.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Ingia utazame mambo yako."

Akachutama, akaishika pistoni pale ilipo, akaitazama. Halafu akauliza kwa upole, "Nani kaelekeza mshale nyuma?"

"Wewe," mjukuu wangu akamjibu. "Umesema kibla."

"Nimesema kibla. Kibla si huku?" Akaonesha pua ya pikipiki.

"Huko ni mlangoni," nikamwambia. "Huko ni kusini. Mtu anayesali kuelekea huko anawasalia majirani zangu. Kibla ni pale penye tangi, na mie nnasali hapa tangu wewe hujazaliwa."

Akainuka, akatazama tangi, akatazama mlango, akatazama pikipiki. Nikamuona uso unabadilika.

"Bi mkubwa," akasema, "kibla ya pistoni. Sisi bandani tunasema hivyo. Ni ule upande wa ekzosi, kwenye tundu la kutokea moshi. Ncha za ringi zinatakiwa ziwe mbali na tundu lile. Pistoni ikigeuzwa, ncha inapita juu ya tundu, inanasa, inakatika."

Nikamuuliza, "Tundu la moshi ndo umeliita kibla?"

"Sikuliita kwa ubaya."

"Kwa wema umeliitaje?"

Akakuna kichwa, kofia ikaenda upande. Banda lake la Mtoni, akasema, lina mlango mmoja, na pikipiki zote zinaingia kwa pua, pua zinatazama kibla bila ya mtu kupanga. Ekzosi iko mbele ya injini, kwa hiyo nayo inatazama kibla. Aliyemfunza yeye, katika banda lile lile, ndiye aliyemwambia mshale uelekee kibla, na yeye akawafunza wengine. Haijampitia akilini kuwa kuna pikipiki linaweza kufunguliwa likiwa limeipa kibla mgongo.

Hapo ndipo niliposhituka kweli kweli. Mshituko wa kanga, wa upawa, hata wa ile kach, yote si kitu. Nilitazama kidole changu. Nimeulizwa kibla nimeonesha kibla, sikukosea hata nyuzi moja, sheikh yeyote angenipa haki. Na kweli yangu hiyo ndiyo iliyovunja injini ya mjukuu wangu. Katika umri wangu wote nilikuwa najua uongo huvunja vitu. Haya ya kweli kuvunja, sikuwa nayo.

Na mlango ukabishwa. Mwanangu kaja na mnunuzi, mtu mnene anayepima vitu kwa macho, kashaanza kulitazama pikipiki kama mtu anayetazama mbuzi wa Idi.

"Mama," mwanangu akasema, "makubaliano unayajua. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Mlisema likimfia njiani."

"Mama, sasa na wewe."

"Subiri." Nikamgeukia fundi. "Linapona hili?"

"Mikwaruzo si ya kina. Silinda inachongwa, inatanuliwa kidogo, tunaitia pistoni kubwa yake inayofuata. Inarudi vizuri. Na kuchonga ni juu yangu, ulimi wangu ndo ulioleta haya."

"Umesikia?" nikamwambia mwanangu. "Halikufa kwa uchovu. Liliuliwa. Ulimi wa huyu na kidole changu. Kama kuna cha kuuzwa hapa, anza na kidole."

Yule mnunuzi alinitazama, akamtazama mwanangu, akasema, "Yakhe, mie nnakwenda. Bi mkubwa, kwaheri." Na huo ndio uungwana wake, akatoka. Mwanangu akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Mwisho akasema, "Sawa. Lakini nije nione linavyofungwa."

"Njoo," nikamwambia. "Na mkeo aje."

Mjukuu wangu akawaomba watu wake wa kazini wamngojee mpaka pistoni imalize siku zake za mwanzo. Hakuwaambia fungate, nilimkataza, wasije wakamletea zawadi. Wakakubali kumngoja. Silinda ikachongwa, ikarudi safi, inang'aa ndani kama kioo kilichopigwa msasa, na safari hii imefungwa kwa gazeti. Pistoni mpya akaipima mara mbili, fundi akaipima baada yake, mwanangu akaomba kile kibati na yeye akapima, akakirudisha. Tukakusanyika wote uwani. Fundi kachutama, spana mkononi, mjukuu wangu kaishika pistoni, kidole chake kiko juu ya ule mshale, na pikipiki limesimama vile vile lilivyoingia, mkia kwenye tangi la maji.

Fundi akafungua mdomo kusema upande wa mshale.

"Nyamaza kwanza," nikamwambia. "Na nyinyi nyote nisikilizeni. Wewe fundi shika usukani, na wewe mjomba mtu shika mkia. Kuanzia leo, pikipiki yoyote itakayofunguliwa katika uwa huu, kabla mtu hajagusa spana, igeuzwe, pua itazame tangi la maji. Haya, geuzeni."